Dozi ya siku 14 iliyotumika miezi saba: uchambuzi wa kisa cha dawa za maumivu ya viungo

Kisa hiki kimeundwa kwa ajili ya kufundishia. Mgonjwa wake si mtu mmoja aliyeko mahali fulani, lakini hakuna linalompata ambalo ni geni kwa wahudumu wa wodi za magonjwa ya ndani. Kimepangwa kwa makusudi asipatikane mzembe wa kutupiwa lawama: kila uamuzi uliofanywa, ukiutazama peke yake, unaeleweka, na wengi wetu tungeufanya. Ubaya wake unaonekana pale tu maamuzi yote yanapowekwa pamoja ndani ya mwili wa mtu mmoja.

Mgonjwa na dawa zake

Ni mwanamke wa miaka 68 ambaye magoti yake yamesagika, yaani ana osteoathritisi, la kulia likiwa baya kuliko la kushoto. Ana shinikizo la damu la miaka mingi ambalo lilikuwa limetulia kwa losartani miligramu 50 na haidroklorothiazidi (dawa ya kukojosha) miligramu 12.5, na kila asubuhi humeza aspirini miligramu 75 ya kulinda moyo, ingawa hajawahi kupata shambulio la moyo wala kiharusi. Kabla ya mambo yote yanayofuata presha yake ilikuwa 128/78, kreatinini, taka ya damu inayopanda figo zinaposhindwa kuchuja, mikromoli 84 kwa lita, na himoglobini, inayobeba oksijeni kwenye damu, gramu 12.4 kwa desilita. Maumivu yalipomzidi hadi akashindwa kuinuka kitini bila kushikwa mkono, aliandikiwa diklofenaki, dawa ya kupunguza uvimbe na maumivu, miligramu 50 mara mbili kwa siku, kwa siku 14, pamoja na omeprazoli miligramu 20 ya kulinda tumbo.

Dawa ilimfaa sana. Hilo lisemwe wazi, kwa sababu bila kulikubali hatuwezi kuelewa kwa nini hakuacha. Kwa mara ya kwanza baada ya mwaka mzima alipanda ngazi mguu mmoja baada ya mwingine, na alilala usiku kucha. Siku 14 zilipokwisha na maumivu kurudi, alinunua diklofenaki nyingine, lakini omeprazoli hakuinunua. Sababu aliyoitoa baadaye ilikuwa nyoofu: tumbo halikuwa likimuuma, kwa hiyo dawa ya tumbo hakuiona kazi yake.

Mwezi wa tatu tangu aanze dawa, binti yake alimletea vidonge vya rangi nyingine ambavyo jirani alivisifu kuwa vinafaa kwa maumivu ya usiku. Vilikuwa diklofenaki ile ile, ya miligramu 100, ya aina inayoyeyuka polepole, yenye jina tofauti la kibiashara. Tangu hapo alikuwa akimeza miligramu 200 kwa siku, wakati kiwango cha juu kinachokubalika kwa mtu mzima ni 150. Siku ambazo goti lilikataa kabisa aliongeza ibuprofeni miligramu 400, kwa kuiona kuwa dawa ndogo ya kawaida.

Mwezi wa nne, kwenye kliniki ya presha, alipimwa 158/92. Aliulizwa kama anameza dawa zake, akajibu kwamba anazimeza zote, na alikuwa akisema kweli. Hakuna aliyemuuliza anameza nini kingine, naye hakuona kuwa dawa ya goti inaihusu kliniki ya presha. Akaongezewa amlodipini, dawa nyingine ya presha, miligramu 5. Wiki chache baadaye vifundo vya miguu vilivimba, na haidroklorothiazidi ikapandishwa hadi miligramu 25 ili kuutoa uvimbe huo.

Kufikia mwezi wa saba alikuwa akichoka na kuhema kwa kazi ndogo, jambo ambalo nyumbani walilihesabu kuwa la umri. Kisha akapatwa na kutapika na kuharisha. Kwa siku mbili alikunywa maji kidogo sana, huku akiendelea kumeza kila kidonge kwa uaminifu. Siku ya tatu alipata choo cheusi kinachonata kama lami, akasimama, macho yakaingia giza, akaanguka mlangoni.

Hospitalini presha ilikuwa 92/54 na mapigo ya moyo 116 kwa dakika. Himoglobini ilikuwa 6.6, kreatinini 248, na potasiamu milimoli 5.9 kwa lita. Chembe nyekundu za damu zilikuwa ndogo kuliko kawaida, dalili ya upungufu wa madini ya chuma, na hilo linaonyesha kwamba damu ilikuwa ikivuja kidogo kidogo kwa muda mrefu kabla ya siku ile. Uchovu wa mwezi wa saba haukuwa wa umri. Endoskopi, yaani kamera inayoingizwa tumboni, ilionyesha kidonda cha tumbo chenye bonge la damu, na kipimo cha Helicobacter pylori, bakteria anayesababisha vidonda vya tumbo, kikathibitisha kwamba anao.

Muuguzi wa zamu alimwomba binti alete dawa zote zilizoko nyumbani, hata zile alizodhani haziwahusu madaktari. Zilipomwagwa mezani kulikuwa na karatasi moja ya vidonge iliyokatwa kwa mkasi hadi jina la dawa likabaki herufi za mwisho tu, na nyingine mbili za rangi tofauti, zenye majina tofauti yaliyoandikwa kwa herufi kubwa. Chini ya majina hayo, kwa maandishi madogo yaliyohitaji kuelekezwa kwenye mwanga, zote mbili zilikuwa na neno moja: diklofenaki. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu yeyote kuziona dawa zake zote mahali pamoja.

Tumboni

Mwaka 1971 John Vane alionyesha kwamba aspirini na jamaa zake hufanya kazi kwa kuuzuia mwili kutengeneza prostaglandini, ugunduzi uliochangia yeye na wenzake wawili kupewa tuzo ya Nobel mwaka 1982. Prostaglandini ndizo zinazochochea uvimbe na maumivu kwenye kiungo kinachougua, lakini ndizo pia zinazohifadhi ute unaofunika ukuta wa tumbo na kuupelekea damu ya kutosha. Kimeng'enya kinachozitengeneza kina sura mbili kuu, COX-1 na COX-2. Ya kwanza ndiyo inayohusika zaidi na ulinzi wa tumbo, na ya pili huamka zaidi penye uvimbe. Diklofenaki na ibuprofeni huzigusa zote mbili.

Kutokana na hayo, ushauri unaorudiwa kila siku kwamba dawa hizi zimezwe baada ya chakula hauna uzito ambao watu wengi huupa. Chakula kinaweza kupunguza kichefuchefu na kuunguza, lakini dhara kubwa linatokea baada ya dawa kuingia kwenye damu na kuondoa prostaglandini mwilini kote. Kwa sababu hiyo hiyo sindano au dawa inayowekwa kwa njia ya haja kubwa haiokoi tumbo, ijapokuwa haipiti mdomoni. Mgonjwa wetu alikuwa mwangalifu sana kuhusu chakula. Aliacha kile ambacho kingemkinga, yaani omeprazoli.

Kosa la kuiacha omeprazoli lina mzizi wake katika namna ilivyoelezwa, au tuseme haikuelezwa. Mtu akiambiwa kuwa kidonge fulani ni cha tumbo, atakitumia tumbo linapouma. Vidonda vinavyosababishwa na dawa hizi mara nyingi haviumi, kwa kuwa dawa inayovisababisha ndiyo hiyo hiyo inayozima maumivu, na wapo wagonjwa wengi ambao dalili yao ya kwanza ni kutoka damu. Hatari yake ilikuwa imerundikana: umri wa zaidi ya miaka 65, aspirini ya kila siku, dozi iliyopita kiwango, dawa mbili za kundi moja kwa wakati mmoja, na bakteria ambaye hakuwahi kutafutwa.

Aspirini nayo inastahili kuulizwa swali. Jopo la Marekani linalotoa mapendekezo ya kinga, USPSTF, tangu mwaka 2022 halishauri mtu wa miaka 60 au zaidi ambaye hana ugonjwa wa moyo na mishipa aanzishiwe aspirini ya kujikinga, kwa sababu faida inamezwa na hatari ya kutoka damu. Zaidi ya hapo, ibuprofeni ikimezwa kabla ya aspirini inaweza kukalia nafasi ya aspirini kwenye chembe sahani, zile zinazogandisha damu, na kuizuia isifanye kazi yake. Kwa hiyo siku zile mbaya mgonjwa huyu huenda alikuwa akibeba hatari yote ya aspirini bila kupata manufaa yake.

Figo na ile presha

Hapa ndipo kisa kina mengi, na ndipo napaona pabaya zaidi. Kila chujio la figo lina mshipa mdogo unaoingiza damu na mwingine unaoitoa. Damu au maji ya mwili yanapopungua, figo hulinda nguvu ya kuchujia kwa njia mbili: prostaglandini huupanua mshipa wa kuingizia, na homoni ya anjiotensini huubana ule wa kutolea. Mtu mwenye afya na maji ya kutosha hahitaji sana ulinzi huo, ndiyo maana kijana anayemeza ibuprofeni kwa siku mbili kwa jino linalouma kwa kawaida hapati shida. Mgonjwa wetu aliondolewa ulinzi wa kwanza na diklofenaki na wa pili na losartani, ambayo huizuia anjiotensini, kisha haidroklorothiazidi ikawa inayapunguza maji yenyewe. Ikaja harisha ya siku mbili. Muungano huu wa dawa tatu ni hatari inayofahamika vyema katika vitabu vya tiba, na kupanda kwa potasiamu ni sehemu ya picha yake, kwa kuwa diklofenaki na losartani zote huizuia figo kuitoa.

Lakini tusirukie siku ya kuharisha. Tazama kliniki ya mwezi wa nne. Dawa za kundi hili huifanya figo kushikilia chumvi na maji, na hudhoofisha nguvu ya losartani na ya dawa za kukojosha. Kwa wastani presha hupanda kwa milimita chache za zebaki, na kwa baadhi ya watu zaidi sana. Mgonjwa ambaye presha yake ilikuwa shwari kwa miaka kisha ikapanda bila sababu alipaswa kwanza kuulizwa ni nini kipya kilichoingia mwilini mwake. Badala ya kuondoa kilichopandisha presha, aliongezewa cha kuishusha. Amlodipini huvimbisha miguu kwa kupanua mishipa midogo, uvimbe ambao dawa ya kukojosha haiusaidii sana, na diklofenaki nayo ilikuwa ikichangia maji yake. Dozi ya dawa ya kukojosha ikapandishwa, na mwili ukaandaliwa vizuri kwa ajili ya figo kushindwa. Dawa ya goti ilikuwa imezaa dawa ya presha, na dawa ya presha ikazaa maji ya miguu yaliyotibiwa kwa dawa nyingine tena. Kama ningelazimika kuchagua mahali pamoja ambapo kisa hiki kingeweza kugeuzwa kwa juhudi ndogo kabisa, ningechagua dakika ile ya kliniki ambapo swali moja halikuulizwa.

Kuhusu moyo nitasema machache, kwa kuwa yeye aliponea hapo. Rofecoxib, dawa ya kundi hili inayolenga COX-2, iliyouzwa na Merck kwa jina la Vioxx, iliondolewa sokoni Septemba 2004 baada ya kuonekana kuwa inaongeza mashambulio ya moyo na kiharusi, na tangu hapo imedhihirika kwamba hatari hiyo haiko kwa dawa zinazolenga COX-2 peke yake. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Umoja wa Ulaya ilizuia diklofenaki ya kumeza kwa watu wenye moyo kushindwa kufanya kazi, ugonjwa wa mishipa ya moyo au ya miguu, au waliowahi kupata kiharusi, na ikataka wenye presha wafikiriwe kwa makini kabla ya kupewa. Naprokseni, jamaa nyingine ya kundi hili, inaonekana kuuchokoza moyo kidogo kuliko diklofenaki, lakini tumbo hulichokoza zaidi. Katika kundi hili hakuna dawa iliyo mpole kwa viungo vyote vya mwili. Anayechagua huchagua kwa kutazama udhaifu wa mgonjwa aliye mbele yake.

Siku ya kwanza ingekuwaje

Sikubaliani na wale ambao, baada ya kisa kama hiki, husema kuwa wazee wasipewe kabisa dawa za kupunguza uvimbe. Mtu asiyeweza kuinuka kitini hupoteza misuli ya mapaja, na misuli ikipotea goti huzidi kuuma, huku hatari ya kuanguka ikiongezeka. Maumivu yasiyotibiwa nayo yana gharama. Swali lilikuwa ni kwa njia gani, kwa muda gani na kwa uangalizi wa nani.

Kwa goti, mwongozo wa mwaka 2022 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unaanza na dawa ya kupaka, na kidonge hufuata pale tu ya kupaka inaposhindwa au isipofaa. Diklofenaki ya jeli inayopakwa kwenye goti huingiza kwenye damu takriban asilimia 6 tu ya kile ambacho kidonge huingiza, na goti ni kiungo kilicho karibu na ngozi, tofauti na nyonga ambayo jeli haiifikii. Hatua hii ilirukwa. Kama kidonge kingehitajika, kingekuwa cha dozi ndogo kwa siku za maumivu makali, kikiambatana na omeprazoli ambayo maelezo yake yangetolewa kwa sentensi moja kamili: hii utaimeza kila siku utakayomeza ile, hata kama tumbo haliumi, na ukiiacha hii uache na ile. Presha na kreatinini zingepimwa tena ndani ya wiki moja au mbili, maana mtu anayetumia losartani na dawa ya kukojosha hana nafasi ya kusubiri miezi. Na angeelezwa kwamba siku anapotapika, kuharisha au kushindwa kunywa, aache kabisa kumeza dawa ya maumivu, na awasiliane na wahudumu wake mapema kuhusu losartani na dawa ya kukojosha.

Kilichokosekana zaidi ni jibu la siku ya 15. Aliyeandika siku 14 alijua kwamba osteoathritisi haiponi kwa siku 14, na mgonjwa naye alilijua hilo. Dozi yenye tarehe ya mwisho lakini isiyo na mpango wa baada ya tarehe hiyo humwachia mgonjwa aamue peke yake, naye huamua kwa kile kilichomsaidia jana.

Yote haya ni ya osteoathritisi. Kwa athritisi ya rumatoidi, ambapo kinga ya mwili hushambulia viungo, hesabu ni nyingine, kwa sababu dawa za kupunguza uvimbe hutuliza maumivu lakini hazizuii kiungo kuharibika, na anayezitegemea pekee huku akikawia kuanza methotreksati au dawa nyingine za kudhibiti ugonjwa wenyewe anapoteza muda ambao haurudi.

Baada ya hapo

Alipewa damu chupa mbili, maji ya mshipani na dawa ya kuzima asidi kwa njia ya mshipa. Diklofenaki, ibuprofeni, aspirini, losartani, haidroklorothiazidi na amlodipini zote zilisimamishwa, na bakteria akatibiwa. Kreatinini ilishuka hadi 131 baada ya wiki na 98 baada ya wiki sita, haikurudi 84. Presha ndiyo iliyotoa ushahidi ulio wazi kuliko wote: figo zilipotulia alirudishiwa losartani miligramu 50 peke yake, na ikabaki karibu na 130/80 bila amlodipini wala dawa ya kukojosha. Aspirini haikurudishwa.

Likabaki goti. Parasetamoli alishaijaribu, na faida yake kwa osteoathritisi ni ndogo, ingawa alipewa ruhusa ya kuitumia siku ngumu bila kuzidi gramu 3. Alianzishiwa mazoezi ya kuimarisha misuli ya mapaja, kuinuka na kukaa kitini bila kutumia mikono, kwanza kwenye kiti kilichoinuliwa kwa mto, na akafundishwa kushika mkongojo kwa mkono wa kushoto, upande ulio mkabala na goti baya, kwa kuwa alikuwa ameushika kulia muda wote. Jeli ya diklofenaki iliruhusiwa tu baada ya kreatinini kutulia, kwenye goti la kulia peke yake, na kwa sharti la kupimwa tena baada ya wiki mbili. Sindano ya steroidi ndani ya goti ilitajwa kuwa njia ya akiba kwa wiki za maumivu makali, nafuu yake ikiwa ya muda mfupi.

Familia iliuliza kuhusu selekoksibu, dawa ya kundi hili inayolenga COX-2, na swali lao lilikuwa la haki. Utafiti wa Hong Kong uliochapishwa mwaka 2007, kwa wagonjwa wa viungo waliokuwa wametoka damu tumboni, ulionyesha kwamba waliopewa selekoksibu peke yake walitoka damu tena kwa asilimia 8.9 ndani ya miezi 13, na waliopewa pamoja na esomeprazoli, jamaa ya omeprazoli, hakuna aliyetoka. Kwa tumbo, basi, ipo njia. Ila figo hutegemea pia COX-2 katika kulinda mtiririko wake wa damu, kwa hiyo selekoksibu haizihurumii kuliko diklofenaki ilivyofanya, na mgonjwa huyu bado anahitaji losartani. Jibu walilopewa lilikuwa hapana, likaandikwa kwenye cheti chake cha kutoka hospitalini pamoja na sababu yake na majina ya dawa zote za kundi hilo. Endoskopi ya wiki ya nane ilikuta kidonda kimefunga na vipande vilivyochukuliwa havikuwa na saratani, omeprazoli ikasimamishwa, na miadi ya kupima kreatinini ikawekwa kila baada ya miezi mitatu kwa muda wote atakaoendelea kupaka jeli.